Mafunzo ya wakuu wa polisi Burundi: amri, wajibu na usalama wa raia

Katika eneo la Giheta, kaskazini mwa mji wa Gitega, mwananchi aliyeibiwa humwendea mkuu wa kituo cha polisi. Ofisa huyo ndiye anayeamua kama mtu atakamatwa, atasikilizwa au atarudi nyumbani. Ndiye pia anayewatuma askari wake usiku mahali penye hatari. Kwa sababu hiyo mafunzo ya viongozi wa polisi yanagusa usalama wa pande mbili: wa raia na wa askari wenyewe.

Jeshi moja kutoka vikosi vingi

Polisi ya Taifa ya Burundi iliundwa kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 2004, katika kutekeleza Mkataba wa Amani na Maridhiano uliotiwa saini mjini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Kabla ya hapo kazi ya polisi iligawanywa: jandarmeri, polisi wa usalama wa umma, polisi wa upelelezi na polisi wa anga, mipaka na wageni. Vikosi hivyo viliunganishwa, kisha wakaongezwa wapiganaji wa zamani wa makundi yaliyokuwa msituni. Katiba ya mwaka 2005 iliweka sharti kwamba kabila moja lisizidi asilimia 50 katika vyombo vya ulinzi na usalama.

Watu waliokuwa wakipigana jana walijikuta chini ya amri moja. Wengi walijua kutumia silaha, lakini hawakuwa wamejifunza kuandika taarifa ya kesi, kumhoji mtuhumiwa bila kumtesa, wala kutuliza umati wenye hasira. Taasisi ya Juu ya Polisi (ISP) ikapewa kazi ya kuandaa maofisa, na mabrigadie, yaani wakuu wa vikosi vidogo, wakawa na shule yao.

Mwezi Aprili 2009 Burundi na Uholanzi zilitia saini mpango wa miaka minane wa kuendeleza sekta ya usalama, uliohusu jeshi na polisi. Ubelgiji nayo ilisaidia mafunzo ya polisi. Maadili ya kazi, haki za binadamu na polisi jamii vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyopewa uzito.

Mkuu hujibu kwa ajili ya walio chini yake

Msingi wa mafunzo ya namna hii umo katika nyaraka mbili za Umoja wa Mataifa: Kanuni za Maadili za Watekelezaji wa Sheria za mwaka 1979, na Misingi ya Matumizi ya Nguvu na Silaha iliyopitishwa Havana mwaka 1990. Misingi ya Havana inasema kwamba silaha ya moto itumiwe kwa kusudi la kuua pale tu isipoepukika ili kuokoa maisha. Inaongeza kwamba mkuu anawajibika ikiwa alijua, au alipaswa kujua, kwamba walio chini yake wanatumia nguvu kinyume cha sheria, naye asichukue hatua zote alizoweza kuwazuia.

Nyaraka hiyo haiwasahau askari. Inataka wapewe vifaa vya kujikinga kama ngao na kofia ngumu, ili wasilazimike kukimbilia bunduki. Inataka pia wale waliohusika katika matukio ya risasi wapewe ushauri wa kupunguza msongo wa mawazo.

Mtihani wa mwaka 2015

Maandamano yaliyoanza Aprili 2015 yalionyesha kwamba darasa peke yake halitoshi. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliripoti matumizi ya risasi za moto dhidi ya waandamanaji. Askari polisi nao walipoteza maisha katika ghasia hizo. Mwezi Mei mwaka huo Ubelgiji ilisimamisha msaada wake kwa polisi, na Machi 2016 Umoja wa Ulaya ukasitisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali, hatua iliyoondolewa Februari 2022.

Ushirikiano wa kanda

Njia nyingine ya mafunzo ni ya kikanda. Shirika la Ushirikiano wa Wakuu wa Polisi wa Afrika Mashariki (EAPCCO), lililoanzishwa Kampala mwaka 1998, lina sekretarieti yake katika ofisi ya kanda ya INTERPOL mjini Nairobi, na Burundi ni mwanachama. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, huandaa mazoezi ya Ushirikiano Imara yanayokutanisha majeshi, polisi na raia. Kwa ofisa anayehudumu Muyinga, karibu na mpaka wa Kobero na Tanzania, Kiswahili ni chombo cha kazi: ndicho anachozungumza na wenzake wa upande wa pili, na ndicho lugha ya nyumbani kwa sehemu ya wakazi anaowalinda.

Mafunzo hupimwa kituoni. Katika tarafa, kamati mchanganyiko za usalama hukutanisha watawala, polisi na wakazi. Pale mwananchi anapoweza kumweleza mkuu wa kituo neno bila hofu, mkuu hupata habari mapema, na askari wake hawaendi gizani bila kujua wanachokikuta.