Jinja, Mbale na Ugonjwa wa Malale: Hadithi ya Kuwasimulia Vijana Wetu



Kamati iliponiomba niandike ukurasa wa historia katika toleo hili la ukumbusho, nilikusudia kwanza kueleza safari yetu wenyewe. Nikabadili nia kwa sababu ya daftari la mwanafunzi mmoja wa darasa la saba. Nilikuwa nimewapa wanafunzi insha: kila mmoja atunge hadithi ya kijana aliyeishi kando ya Ziwa Viktoria wakati wa ugonjwa wa malale, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwanafunzi huyo aliandika kwa mwandiko mzuri. Lakini sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba ugonjwa uliletwa na wageni, na ya mwisho ilisema kwamba wageni walipofukuzwa watu wote walipona.

Nilikaa kwa muda na kalamu nyekundu mkononi. Mtoto huyu ni mgeni yeye mwenyewe. Msimu wa mvua uliopita, watu walipoanza kuharisha katika mtaa wake, familia yake ndiyo iliyonyoshewa kidole kwenye foleni ya maji, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imefika karibuni. Hata hivyo, alipopewa nafasi ya kutunga, aliwatwika wageni mzigo ule ule. Sikumlaumu. Hakuwa amesimuliwa hadithi nyingine.

Watoto wetu wanafuata mtaala wa Uganda, nchi iliyotupokea, na majina ya Jinja na Mbale wanayajua kutoka kwenye ramani ya ukutani. Basi tuitazame pamoja historia ya maradhi na uhamisho katika miji hiyo miwili, kisha tujiulize hadithi ya namna gani inawafaa vijana.

Ugonjwa wenyewe

Mwaka 1901 daktari Albert Cook na nduguye Jack, wa hospitali ya Mengo, Kampala, waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini Uganda. Wenyeji waliuita mongota. Mgonjwa huanza kwa homa na kuumwa kichwa, tezi za shingo huvimba, kisha mwili hukonda, akili hupotea, na usingizi humshika mchana hata akiwa na chakula mkononi. Asipotibiwa hufa.

Mwaka 1902 Royal Society ya London ilituma wataalamu kuchunguza. Mmoja wao, Aldo Castellani, aliona vimelea vidogo sana, viitwavyo tripanosoma, katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka 1903 alifika David Bruce, na uchunguzi ukaonyesha kwamba vimelea hivyo huchukuliwa na mbung'o wanaokaa kwenye vichaka vya kando ya maji. Hapo ikaeleweka kwa nini walioumia zaidi walikuwa wavuvi, wapiga makasia, na kina mama na watoto waliokwenda kuteka maji. Kazi iliyowalisha ndiyo iliyowapeleka penye mbung'o.

Makadirio yanataja watu zaidi ya 200,000 waliokufa nchini Uganda katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wengi wao Busoga, mwambao wa Buganda na visiwani. Jinja yenyewe, pale Mto Naili unapotoka ziwani, ilikuwa katikati ya balaa hilo.

Nani alilaumiwa?

Madaktari wa wakati ule walijiuliza ugonjwa umetoka wapi. Baadhi yao walisema umetoka Kongo, ukaletwa na askari wa Kisudani. Hawa walikuwa askari wa Emin Pasha, walioachwa kusini mwa Sudan na kando ya Ziwa Albert baada ya vita vya Mahdi kuwafungia njia ya kurudi kwao. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua wakatumikie serikali ya Waingereza, na baadhi waliwekwa Busoga. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliasi, wakajifungia katika ngome ya Luba kando ya ziwa, na damu nyingi ikamwagika.

Msomaji ataona jinsi ilivyokuwa rahisi kuamini kwamba watu hao waliochukiwa ndio walioleta kifo. Lakini watafiti wa baadaye wameitilia shaka hoja hiyo. Wanakumbusha kwamba mnamo 1890 sotoka ilikuwa imeua ng'ombe wengi sana Afrika Mashariki, na kwamba vita na njaa vilikuwa vimewatoa watu mashambani. Shamba lisilolimwa huota kichaka, na kichaka ni nyumba ya mbung'o. Ugonjwa ulipata nguvu kwa sababu maisha ya wenyeji yalikuwa yamevurugwa, na waliovuruga ni wengi.

Hili ndilo somo la kwanza kwa kijana anayetunga hadithi. Mhusika wake anaweza kuamini kwamba jirani mgeni ameleta ugonjwa, maana watu waliamini hivyo. Mwandishi, yeye, lazima ajue zaidi ya mhusika wake.

Amri ya kuhama

Mwaka 1906 Hesketh Bell aliteuliwa kuiongoza Uganda, na mwaka 1907 akapewa cheo cha gavana. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kutegemewa. Iliyojaribiwa ni atoksili, yenye sumu ya aseniki. Daktari Robert Koch kutoka Ujerumani aliitumia katika visiwa vya Sese mwaka 1906 na 1907, na dozi zilipoongezwa, baadhi ya wagonjwa wakawa vipofu. Bell aliamua kwamba kama mbung'o hawezi kuondolewa, basi mtu aondolewe. Watu wa mwambao waliamriwa kuhamia ndani, mbali na maji kiasi cha maili mbili, yaani kilomita tatu hivi. Wagonjwa walitengwa katika kambi zao. Baadaye, hadi 1909, visiwa navyo vilihamwa, Sese na Buvuma vikiwamo. Uvuvi na uuzaji wa samaki vilipigwa marufuku katika maeneo hayo.

Tuseme haki: vifo vilipungua. Wanahistoria wanabishana ni kiasi gani kilitokana na kuwahamisha watu, na ni kiasi gani ugonjwa ulikuwa umekwisha kushuka wenyewe, lakini hatuwezi kusema amri ile haikuokoa mtu. Vilevile tuseme haki upande wa pili: waliohamishwa hawakuulizwa. Mvuvi aliyepelekwa mbali na ziwa alipoteza chakula, kazi, makaburi ya wazee wake na mahali pa matambiko yake kwa siku moja. Mwaka 1908 Busoga ikapigwa na njaa kubwa, wakati watu wengi hawajatulia katika makao mapya.

Visiwa vya Sese vilianza kurudiwa na watu mnamo 1920. Kusini mwa Busoga mambo yalikwenda vingine. Ugonjwa ulizuka tena katika miaka ya 1940 na watu wakahamishwa tena. Serikali ilianza mpango wa kuwarudisha watu mwaka 1956, takriban miaka hamsini baada ya amri ya kwanza. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya kuhama, kama aliishi kuiona siku hiyo, alirudi akiwa na mvi. Tena hakukuta kijiji. Alikuta msitu, na walioingia kulima pamoja naye walitoka sehemu nyingi. Mnamo 1976 malale yalizuka tena Busoga na kuendelea hadi miaka ya 1980, wakati nchi yenyewe ilikuwa katika misukosuko ya utawala wa Amin na vita vilivyofuata.

Kutoka Jinja hadi Mbale

Mji wa Mbale ulianzishwa na Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda aliyeiteka sehemu kubwa ya mashariki kwa niaba ya Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1906 Waingereza walimtoa Mbale wakampeleka Jinja kuwa rais wa Lukiiko, yaani baraza, la Busoga. Kwa hiyo miaka ya kuhamwa kwa mwambao na ya njaa ile ilimkuta yuko huko. Alirudi Mbale mwaka 1913, akiwa amekatishwa tamaa na serikali aliyoitumikia.

Mwaka 1914 lilizuka Buganda dhehebu la Bamalaki, chini ya Malaki Musajjakawa na Joswa Kate. Wafuasi wake walikataa dawa za hospitali na chanjo, wakisema uponyaji ni wa Mungu peke yake. Kakungulu alijiunga nao. Mwaka 1919 aliwaacha akashika dini ya Kiyahudi, na jumuiya aliyoianzisha, Abayudaya, ingali karibu na Mbale. Alifariki mwaka 1928. Mwaka uliofuata, baada ya mgogoro na serikali juu ya kanuni za kuzuia tauni, viongozi wa Bamalaki walihamishiwa kaskazini. Joswa Kate alikaa Arua mpaka alipofariki mwaka 1942.

Tuviweke visa hivi viwili pamoja. Kando ya ziwa, watu wasio na kosa walipoteza makao yao kwa sababu ya ugonjwa. Baadaye wengine wakapelekwa mbali na kwao kwa sababu walikataa amri zilizowekwa kuuzuia ugonjwa mwingine. Bamalaki walikosea kuhusu chanjo, na hapa kambini tumeona wenyewe jinsi chanjo ya surua inavyowaokoa watoto. Lakini kijana anayetunga hadithi anaweza kuuliza swali ambalo takwimu haziulizi: mtu aliyemwona nduguye akitoka kwenye sindano ya daktari akiwa kipofu, angeiamini sindano ya pili kwa sababu gani? Mfanyakazi wa afya anayejua historia hii huanza kwa kusikiliza, kisha ndipo hufungua sanduku la dawa.

Hadithi za vijana

Juu ya uhamisho mwingine wa Uganda, vijana wamekwisha kuandikiwa. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Jinja, mji uliokuwa na maduka na viwanda vyao vingi, ulibadilika sura kwa muda wa miezi michache. Shenaaz Nanji, mzaliwa wa Mombasa, alitoa riwaya ya vijana Child of Dandelions mwaka 2008, na Tina Athaide akatoa Orange for the Sunsets mwaka 2019. Zote mbili zinaeleza siku zile 90 kupitia watoto, na zinaonyesha urafiki wa Mwasia na Mwafrika ukijaribiwa na amri ya serikali. Kijana wa leo akizisoma anajifunza tarehe, na zaidi ya tarehe anajifunza kwamba aliyefukuzwa alikuwa na rafiki, daftari na hasira zake.

Juu ya malale, kabati letu la vitabu halina riwaya ya namna hiyo. Ndiyo maana niliwapa watoto kazi ile. Baada ya kusahihisha tulikubaliana kanuni tatu, tukaziandika ubaoni. Ya kwanza, miaka, mahali na majina ya watu wa historia yasibadilishwe. Mambo ya nyumbani, kama maneno ya mama jikoni, yanaweza kubuniwa. Ya pili, mgonjwa asiwe kivuli cha kuwatia watu huruma. Apewe jina, mapenzi na makosa. Ya tatu, hadithi isimtafute mtu mmoja wa kulaumiwa kabla haijatazama kichaka, maji, njaa na amri.

Yule mwanafunzi aliniuliza: "Mwalimu, wale watoto wa ziwani waliitwa nani?" Nikamjibu kwamba ripoti zimehesabu wengi, lakini majina ya watoto hayamo katika zile nilizosomeshwa chuoni. Akafikiri kidogo, akasema basi yeye atampa mmoja jina. Katika insha yake ya pili, msichana anatoka ufukweni na mtungi mtupu kichwani. Mama yake amekatazwa kuteka maji ya ziwa tena, lakini msichana amekataa kuuacha mtungi nyuma. Huko ndani wanakofikia, mwenyeji mmoja anamnyima maji na mwingine anampa. Mwanafunzi hakusema ni nani aliyeleta ugonjwa. Nilimpa alama 18 kati ya 20. Mbili nilizikata kwa sababu ya nukta.

Ndugu wasomaji, na sisi tunahesabiwa. Tumo katika orodha za mgao, za zahanati na za shule, na orodha hizo ni za lazima, maana ndizo zinazotupatia unga na dawa. Ila baada ya miaka mia moja orodha haitasema tulikuwa nani. Kwa hiyo naiomba Kamati itutengee daftari moja kubwa shuleni, na nawaomba wazee waje Jumamosi alasiri kuwasimulia vijana, ili vijana waandike. Msiogope kutaja maradhi yaliyotupata njiani, wala watu waliotunyima maji, wala waliotupa. Wafanyakazi wa mashirika, nanyi mnakaribishwa kusikiliza. Kalamu tunazo, ila daftari bado.



Mwalimu wenu wa darasa la saba