Nani Alitenganisha Kelele na Mkoromo? Stori ya Vitufe vya Ampli ya Gitaa

Wadau, gitaa la roki la zamani likikoroma, sifa zote tunampa aliyelishika. Leo twende nyuma yake, kwenye ampli, kwa watu ambao majina yao hayajawahi kukaa kwenye kava la albamu.

Kwanza, mkoromo unatoka wapi? Ampli hizi zinatumia valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama taa ndogo. Valvu ina kiwango chake. Ukiisukumia mawimbi makubwa kuliko inavyoweza kubeba, inayakata vichwa, na sauti inatoka nene, ina makali. Hiyo ndo ovadraivu. Ni kama spika ya daladala iliyopandishwa mpaka mwisho, ila hii inapendeza.

Sasa ampli za miaka ya 1950, kama Fender Bassman, hazikuwa na voliumu kuu. Voliumu ya chaneli ilikaa karibu na mwanzo wa safari ya sauti. Ukiizungusha, unazilisha valvu ndogo za mbele na valvu kubwa za nguvu kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo bila kelele hakuna mkoromo. Bassman yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya besi, wapiga gitaa wakaing'ang'ania.

London, mwaka 1962, mafundi wa duka la vyombo vya muziki la Jim Marshall waliichukua Bassman kama mfano wakaunda ampli yao. Marshall alikuwa mpiga dramu mwenye duka, waliokaa na lehemu ni wengine. Jina lililoandikwa kwenye boksi ni lake. Maisha!

Mwaka 1965 Pete Townshend wa The Who akataka nguvu zaidi, zikaja wati 100. Hapo ndo balaa. Kuikoromesha ampli ya wati 100 inabidi uifungue mpaka ukumbi utikisike. Eric Clapton alipoingia studio mwaka 1966 na bendi ya John Mayall, aligoma kupunguza, na mafundi mitambo wakahangaika na maikrofoni. Kiukweli alikuwa sahihi, maana akishusha voliumu, sauti anayoitafuta inapotea. Wajanja waliacha ampli wazi wakatumia voliumu ya gitaa lenyewe: punguza kidogo, sauti inasafika, fungua, inakoroma. Mguu haugusi kitu.

Suluhisho lilianza kwa utani. Huko California mwishoni mwa miaka ya 1960, fundi Randall Smith aliifumua ampli ndogo ya Fender Princeton ya mwanamuziki mmoja akaipachika nguvu za ampli kubwa, ili tu amshtue mwenyewe. Carlos Santana akaijaribu, akaikubali, na jina Boogie likazaliwa. Baadaye Smith akaongeza hatua nyingine ya valvu mbele, na vidhibiti viwili tofauti: geini inaamua valvu za mbele zikorome kiasi gani, voliumu kuu inaamua kiasi gani kipite kwenda kwenye valvu za nguvu. Yaani unaweza kukoroma chumbani na jirani akalala! Marshall nao wakaweka voliumu kuu kwenye ampli yao ya wati 100 mwaka 1975.

Ila kuna kilichopotea. Mkoromo wa valvu za mbele peke yake ni mwembamba, una kauli ya nyuki ndani ya kopo. Valvu za nguvu na spika zikifanya kazi kweli ndo unapata kile kifua. Mimi hapo nipo upande wa wazee wa 1966, majirani wanisamehe.

Halafu ikaja shida ya mwangwi. Ukipitisha sauti kwenye mashine ya mwangwi kabla ya ampli inayokoroma, kila mrudio nao unasagwa, na ile midogo iliyotakiwa kufifia inainuliwa. Matokeo ni uji. Ndo maana ikaja lupu ya efekti: tundu la kutoa sauti ikishamaliza kukoroma mbele, na tundu la kuirudisha kabla ya valvu za nguvu. Mkoromo kwanza, mwangwi baadaye, kila mrudio unabaki safi.

Hapa ndo wengi wanapigwa chenga. Pedali ya kuongeza nguvu ukiichomeka kati ya gitaa na ampli, unaongeza mkoromo, na sauti haipandi sana kwa sababu valvu zimeshashiba. Pedali ileile ukiiweka kwenye lupu, mkoromo unabaki vilevile ila sauti inaruka, inafaa kwa solo. Kinyume chake, kiboksi chenye voliumu tu ukikiweka kwenye lupu kinakuwa voliumu kuu ya pili.

Lakini kama mkoromo wako unatoka kwenye valvu za nguvu, kama wa Clapton, lupu haikuokoi. Mwangwi utaingia mle na kusagwa pamoja na vingine. Dawa yake ni kuuweka baada ya maikrofoni, kwenye mitambo ya studio, mikononi mwa jamaa mwingine ambaye hakuna anayemtaja.

Haya, mwenye ampli ya valvu hapo nyumbani: voliumu kuu yako huwa inafika namba ngapi kabla mlango haujagongwa?