Pedi Moja, Watu Kumi: Gemu za Zamani na Gemu za Leo

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita tuliuliza swali dogo tu: gemu za zamani na za sasa, zipi kali? Tulidhani ni swali la dakika tano. Likatuchukua saa nzima, na mpaka leo ujumbe wa sauti bado unaingia. Wajomba wanasema sisi tumedekezwa, eti gemu zetu zinajihifadhi zenyewe. Wadogo wanasema picha za zamani ni kama vigae vya bafuni. Sawa. Lakini kuna swali ambalo hatukuligusa kabisa: wazazi wetu na wajomba zetu walizichezea wapi hizo gemu, na kwa nini pale? Nimekaa na swali hilo wiki nzima, na nadhani linatuhusu sana sisi tuliokulia hapa Alief.

Kwanza ilibidi TV ifike

Mashine ya gemu ya zamani haikuwa na kioo chake. Bila televisheni ni boksi tu la plastiki. Sasa angalia tarehe. Nintendo walitoa Famicom kule Japani mwaka 1983, na kufikia 1985 ikaanza kuuzwa Marekani kwa jina la NES. Kenya ilikuwa na matangazo ya televisheni tangu 1962. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994! Kwa hiyo wakati mtoto wa Houston anamrusha Mario juu ya mabomba mwaka 1987, mtoto wa Kigoma au Mwanza wa umri uleule, nyumbani kwao kulikuwa na redio.

TV zilipoanza kuingia majumbani, mashine za gemu zilizofuata hazikuwa Nintendo halisi. Zilikuwa nakala zake, zilizotengenezwa Taiwan na China. Dunia nzima ya watu wasio na hela ya Nintendo ilikuwa na nakala yake: Warusi walikuwa na Dendy, Wapolandi walikuwa na Pegasus, na kwetu Afrika Mashariki majina yanayotajwa sana ni Terminator na Ending Man. Muulize mtu yeyote aliyekuwa mtoto Nairobi au Dar miaka ya 1990, utaona uso unavyobadilika.

Gemu zenyewe zilikuja kwenye kaseti. (Hiyo kaseti ya kuchomeka na kuchomoa ina historia yake: timu iliyotoa mashine ya kwanza ya namna hiyo, Fairchild Channel F ya mwaka 1976, iliongozwa na injinia Mmarekani mweusi, Jerry Lawson. Jina la kulikumbuka.) Kaseti za nakala zilijisifu sana. Zimeandikwa gemu 9,999,999 ndani ya moja! Ukihesabu unakuta ni gemu chache zilezile zinajirudia, moja inaanzia hatua ya pili, nyingine inakupa roho za ziada. Nyumbani kwetu mpaka leo tunaziita hivyo, roho. "Nimebaki na roho moja" ni sentensi niliyoijua kabla ya kujua kusoma.

Kwa nini zilikuwa ngumu vile

Hapa wajomba wana haki ya kutamba, ila sababu si kwamba wao walikuwa majasiri kuliko sisi. Super Mario Bros. nzima, muziki, picha, hatua zote 32, ilikuwa na kilobaiti 40 hivi. Picha moja unayopiga kwa simu leo inaizidi mara nyingi. Ukiwa na nafasi ndogo hivyo, huwezi kutengeneza safari ya saa 60. Unatengeneza safari fupi, halafu unaijaza mashimo. Mchezaji anakufa, anarudi mwanzo, anakufa tena, na gemu ya nusu saa inamchukua miezi. Gemu nyingi pia zilizaliwa kwenye mashine za sarafu, ambako kila kifo ni hela kwa mwenye duka.

Ndiyo maana Contra ilihitaji ujanja. Unaanza na roho 3, unaisha kabla chai haijapoa. Ila ukibonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, unapewa roho 30. Ujanja huo ulibuniwa na Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami alipokuwa anatayarisha gemu ya Gradius iliyotoka 1986, kwa sababu yeye mwenyewe ilimshinda wakati wa kuijaribu. Sasa jiulize: mtoto asiye na intaneti wala gazeti la gemu aliujuaje? Aliambiwa. Mtu alimnong'oneza mtu, huyo naye akamwambia binamu yake. Maarifa yale yalipita mdomo kwa mdomo, kwa lugha ya mtaani.

Kitu kingine kimoja kwa wale wenye mashine ya zamani kabatini: ile bunduki ya kupiga bata haitafanya kazi kwenye TV yako bapa. Ukivuta kidude, kioo kinakuwa cheusi kwa muda mfupi mno, bata anageuka kiboksi cheupe, na bunduki inasoma mwanga huo. Inategemea namna TV za zamani, zile zenye mgongo, zinavyochora picha mstari kwa mstari. TV bapa inachelewa kidogo tu, na bunduki haioni kitu. Gemu bado ipo, ila dunia yake imeondoka.

Kibanda

PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994, ya pili mwaka 2000. Hiyo ya pili iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na kwetu iliishi maisha marefu ajabu. Wenzetu wa Marekani walipokuwa wameshahamia PS4, Afrika Mashariki PS2 bado zilikuwa zinafanya kazi kila siku kwenye vibanda.

Kama hujawahi kuingia, kibanda cha gemu ni chumba kimoja, mara nyingi cha mabati. Ni ndugu wa kibanda umiza, kile cha kuonyeshea filamu na mpira. Ndani kuna TV mbili tatu, mabenchi, na mwenye kibanda anayekusanya hela kwa kila mechi. Mchezo ni mpira: Winning Eleven, baadaye Pro Evolution, FIFA. Sheria ni moja tu, anayefungwa anaachia pedi.

Ukiifikiria vizuri, sheria hiyo inajenga jamii nzima. Pedi mbili, watu kumi. Wanane hawachezi, kwa hiyo wanafanya nini? Wanaongea. Wanatangaza mechi, wanazomea, wanabishia refa ambaye ni kompyuta, wanamkumbusha mtu goli alilofungwa juzi. Ni uleule utaratibu wa bao: mashimo 32, kete 64, wachezaji wawili, na wazee sita pembeni wanaojua zaidi kuliko wanaocheza. Baba yangu mdogo, aliyekulia Kigoma, anasema pale kibandani Mha, Mmanyema na Mkongomani aliyekimbia vita wote walitaniana kwa Kiswahili, maana utani usioeleweka hauumi.

Alief, mlango umefungwa

Sasa njoo hapa. Kusini-magharibi mwa Houston, Bellaire na Bissonnet, kwenye magorofa ya kupanga ambako ngazi moja ina Mkongo, Mvietnamu, Mnaijeria na Msalvador. Gemu tunazo, na ni nzuri mno. Kila mtoto ana kioo chake, chumba chake, hedseti yake. Anaweza kucheza na watu 99 ambao hajawahi kuwaona. Na anaongea nao Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya hedseti.

Mimi sisemi gemu ndizo zilizotunyang'anya Kiswahili. Shule, kazi za wazazi za zamu ya usiku, aibu zetu wenyewe, vyote vimo. Lakini angalia kilichopotea kwa usahihi. Hatujapoteza Kiswahili cha heshima. "Shikamoo" tunayo, sala tunazo, "njoo ule" tunaielewa vizuri sana. Tulichopoteza ni Kiswahili cha kuchokozana na watu wa rika letu. Kile cha kibandani. Na lugha isiyo na matusi madogo na majigambo inabaki kuwa lugha ya kuongea na wakubwa tu. Ukikutana na binamu yako, unahamia Kiingereza.

Basi si tucheze na binamu walioko kule? Tunajaribu. Tatizo ni umbali. Houston mpaka Nairobi ni kilomita kama 14,000. Mwanga ndani ya waya wa faiba unakwenda kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 140 hata kama waya ungenyooka kabisa, na haunyooki. Kwenye Tekken, ambako picha 60 zinapita kila sekunde, umeshapigwa kabla hujaona mkono. Hata hivyo, tukumbuke tulikotoka: mpaka SEACOM ilipowashwa Julai 2009, pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na waya wa chini ya bahari wa kuiunganisha hivi na dunia; watu walitegemea setilaiti. Miaka 9 baadaye, 2018, Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, akasajiliwa na timu ya Kimarekani kucheza Tekken. Kwa hiyo mlango upo, ila ni mwembamba.

Kilicho ndani ya boksi

Nikiwa na wasomaji ambao wazazi wao wametoka Kivu, siwezi kulinganisha mashine bila kuzifungua. Ndani ya simu na mashine za kisasa kuna vifaa vidogo vya kutunza umeme vinavyotengenezwa kwa tantalamu, na tantalamu hutoka kwenye koltani. Mwaka 2000, simu za mkononi zilipolipuka na PS2 ikaingia madukani, bei ya tantalamu ilipanda ghafla, kisha ikaanguka mwaka uliofuata. Simu ndizo zilizokula sehemu kubwa, lakini PlayStation ndiyo iliyobaki kwenye midomo ya watu. Aprili 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti ikieleza jinsi madini hayo yalivyokuwa yanalisha vita ya Kongo.

Na hayo hayajaisha. Rubaya, kule Masisi, inakadiriwa kutoa asilimia kama 15 ya koltani ya dunia. Waasi wa M23 waliuteka mji huo mwaka 2024. Wako watu hapa Alief waliopitia kambi ya Nyarugusu kwa sababu ya vita vya aina hii, na watoto wao wanaomba PS5 Krismasi. Sitamwambia mtoto yeyote asicheze. Nasema tu tujue safari ya boksi, maana ni jirani sana na safari yetu.

Nani mwenye gemu?

Tofauti ya mwisho ni ya umiliki. Kaseti ya mwaka 1985 ukiifuta vumbi inaweza kuwaka kesho. Mwaka 2024 Sony walitoa gemu ya Concord tarehe 23 Agosti. Tarehe 6 Septemba wakaizima. Siku 14! Walionunua walirudishiwa hela, lakini gemu yenyewe haipo tena, hata uwe na diski mkononi. Na ile hela ya kibandani, ya mechi moja moja, imerudi kwa sura mpya: unanunua gemu ya mpira, halafu unanunua pakiti za wachezaji bila kujua utampata nani. Ubelgiji waliona inafanana mno na kamari, na Januari 2019 EA wakaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Mwenye kibanda angalau ulijua unalipia nini.

Kwa hiyo zipi kali? Kwa picha, sauti, hadithi na nafasi ya mtoto wa kike kucheza bila kusukumwa kwenye benchi, za leo zinashinda, tusidanganyane. Kibanda kilikuwa cha wavulana, na wengine waliacha ada ya shule pale. Lakini chumba, zile kelele, ile zamu ya kusubiri, vya zamani vilikuwa bora. Na chumba hakihitaji mashine ya zamani. EA FC mpya kabisa, TV moja sebuleni, pedi mbili, watu sita, na sheria ileile. Sisi tumeanza Jumamosi moja moja na tumeongeza sheria ya pili: ukizomea, zomea kwa Kiswahili. Mwanzoni kulikuwa kimya. Watu walikuwa wanatafuta maneno. Siku hizi mama anatugongea ukuta.

Ombi langu wiki hii: muulize mjomba, shangazi au baba mdogo wako walikuwa wanasema nini mtu akifungwa tano bila. Rekodi ujumbe wa sauti, tutumie. Tunataka maneno yale yenyewe, hata yale ambayo bibi hapaswi kuyasikia. Tutayapiga kwenye kipindi kijacho.