Vibonzo vya muziki vinavyomfunza mtoto kwa lugha na ngoma za kwao

KABLA ya mtoto kujua kusoma, huwa tayari ameshajua kuimba. Bembelezi za mama, mchezo wa ukuti uwanjani na vitendawili vya jioni ndivyo vilivyokuwa darasa lake la kwanza. Siku hizi sehemu kubwa ya darasa hilo imehamia kwenye runinga na simu ya mzazi.

Kwa miaka mingi, vibonzo vilivyoonyeshwa Afrika Mashariki vilitoka ng'ambo pamoja na nyimbo zake. Si ajabu mtoto wa Lamu au Kisumu kuimba habari za theluji ambayo hajapata kuiona, ilhali hajui wimbo hata mmoja wa mvua ya kwao.

Hata vipindi vilivyosifiwa kwa muziki wake havikuepuka kasoro hiyo. 'Little Einsteins', kipindi cha kampuni ya Disney kilichoanza mwaka wa 2005, kilimjulisha mtoto michoro maarufu na muziki wa okestra. Lakini sehemu kubwa ya muziki huo ilikuwa ya watunzi wa Ulaya.

Tangu mwaka wa 2010, hata hivyo, kumezuka vipindi vilivyobuniwa au kutengenezwa Afrika ambavyo vinampa mtoto sura, majina na midundo anayoitambua.

Hadithi za Tinga Tinga

Cha kwanza kuvuma kutoka Nairobi ni 'Tinga Tinga Tales', kilichoanza kuonyeshwa na kituo cha watoto cha CBeebies, Uingereza, mwaka wa 2010. Kilitengenezwa kwa ushirikiano wa kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza na Homeboyz ya Kenya, na michoro yake ilihuishwa na wasanii wa Nairobi.

Jina na sura yake vinatokana na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka wa 1968 na kufariki mwaka wa 1972. Wanyama wake wenye madoadoa na rangi za kung'aa ndio walioletwa hai kwenye runinga.

Kila sehemu hueleza chanzo cha jambo fulani, kama vile sababu ya tembo kuwa na mkonga, jinsi bibi alivyowasimulia wajukuu. Muziki nao ulimhusisha mwanamuziki wa Kenya, Eric Wainaina.

Akili na ndoto zake

Nchini Tanzania, shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianzisha 'Akili and Me' mwaka wa 2016. Mhusika mkuu ni Akili, msichana wa miaka minne anayeishi na jamaa zake chini ya Mlima Kilimanjaro. Kila anapolala, huingia katika nchi ya ndoto na kukutana na wanyama wenzake, wakiwemo simba, kiboko na komba.

Herufi, nambari na maumbo hufunzwa kwa nyimbo fupi zinazorudiwarudiwa. Mhusika huuliza swali, kisha hunyamaza kidogo ili mtazamaji ajibu. Mbinu hiyo si ngeni. Ndiyo ile ya mtambaji anayesema 'paukwa' na kungoja aitikiwe.

Je, mtoto hufaidika? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 uliwahusisha watoto zaidi ya 500 mjini Morogoro. Waliotazama kipindi hicho waliwapita wenzao waliotazama vipindi vingine katika kuchora, kutambua maumbo na nambari, kuhesabu na hata msamiati wa Kiingereza.

Magharibi mwa bara, Mnijeria Adamu Waziri alibuni 'Bino and Fino', kipindi cha kaka na dada wanaolelewa na babu na nyanya yao. Humo watoto husikia maneno ya Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba.

Wimbo hautafsiriwi kwa kamusi

Vipindi vya aina hii huhitaji lugha nyingi, na hapo ndipo penye kazi ngumu. 'Akili and Me', kwa mfano, kimetolewa pia kwa Kinyarwanda. Kutafsiri hadithi ni jambo moja. Kutafsiri wimbo ni jambo jingine.

Chukua wimbo wa kuhesabu. Katika Kiswahili, moja hadi kumi ni maneno ya silabi mbili mbili, hata 'nne'. Katika Kiingereza, karibu yote ni ya silabi moja. Maneno ya Kiswahili yakilazimishwa katika lahani ya Kiingereza, ama mtoto atayameza nusu ama atakimbizana na ngoma.

Aidha, mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi akiweka pigo zito kwenye silabi ya mwisho, neno husikika geni masikioni mwa mtoto anayejifunza kulitamka. Kinyarwanda nacho ni lugha ya toni, hivyo lahani isiyojali toni huweza kupotosha neno.

Jambo hili si la anasa. Sera ya elimu nchini Kenya hutaka watoto wa chekechea na madarasa ya chini wafunzwe kwa lugha inayotumika katika eneo lao. Lakini mtoto anayesikia lugha hiyo darasani tu, huku kila kinachompendeza runingani kikiimbwa kwa lugha nyingine, huona mapema lugha ipi ina thamani.

Kuhuisha michoro kuna gharama kubwa. 'Tinga Tinga Tales' ilitegemea soko la ng'ambo, nalo shirika la Ubongo hutegemea wafadhili. Lugha zenye wasemaji wachache ndizo zinazoachwa nje kwanza.

Mzazi asijitoe

Kipindi kizuri nacho kina mpaka. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka wa 2019 inashauri kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Mzazi anayeketi na mwanawe, akaitikia wimbo na kuurudia naye jikoni baada ya runinga kuzimwa, hukifanya kipindi kuwa somo. Na pale ambapo lugha ya nyumbani haina kibonzo chake, sauti ya nyanya ingalipo, nayo haihitaji umeme.