Mafuta ya lavenda na ngozi zetu

Siku hizi kijichupa cha lavenda kimepata nafasi yake kabatini mwa akina dada zetu, pembeni ya udi na liwa. Muuzaji humwambia bi harusi apake penye chunusi, penye kovu, hata penye kuungua, eti ni kitu cha asili, hakina madhara. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonitia kalamu mkononi.

Lavenda ni kichaka cha maua ya zambarau chenye asili ya nchi za Mediterania, na kusini mwa Ufaransa hulimwa mashamba kwa mashamba. Maua hupitishiwa mvuke, mvuke ukipozwa mafuta huelea juu ya maji. Kinachotiwa chupani ni kiini kikali, si ua tena. Sehemu kubwa yake ni linaluli na linalili asetati, ndizo zenye ile harufu tulivu. Maabarani kiini hiki huzuia baadhi ya bakteria na kuvu.

Sifa ya kuponya moto ilivuma kupitia mkemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, aliyeungua mikono mwaka 1910 akatumia lavenda kwenye vidonda vyake. Kisa cha mtu mmoja hakitoshi kuitwa dawa. Ukiungua, weka maji baridi ya bomba dakika 20, kisha nenda hospitali.

Madhara yenyewe huanza pale kifuniko kinapoachwa wazi. Linaluli ikikutana na hewa hugeuka polepole, na hicho inachogeuka ndicho kinacholeta mwasho, wekundu na vipele. Ngozi ikishaikataa mara moja, huikataa miaka mingi, na linaluli imo katika sabuni na manukato tele. Kwa joto hili letu la Pwani, chupa iliyokaa dirishani mwaka mzima heri uitupe, hata kama ulinunua ghali.

Usipake kiini kitupu. Matone mawili katika vijiko viwili vya chai vya mafuta ya nazi yanatosha, nayo ni kama asilimia 1. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, ungoje siku mbili. Wale wanaodondoshea kwenye maji ya kuoga wajue mafuta hayachanganyiki na maji: tone huelea na kukugandia lilivyo, mara nyingi pale penye ngozi laini.

Watoto ni wa kuangaliwa zaidi. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani waliripoti wavulana watatu waliovimba matiti wakitumia bidhaa zenye lavenda, mmoja wao pamoja na mti-chai. Walipoacha, uvimbe ukapungua. Wataalamu wengine wanaipinga hoja hiyo, lakini mimi wangu siwapaki. Na kunywa usithubutu.

Dukani tafuta jina Lavandula angustifolia kwenye lebo. Lavandini ni ndugu yake mwenye kafuri zaidi, na ni rahisi zaidi. Palipoandikwa "manukato ya lavenda" tu, hapo umeuziwa harufu.