Pijo la Dar es Salaam

Ukitaja mbio za magari Afrika Mashariki, mazungumzo yanakwenda Kenya moja kwa moja: Naivasha, Joginder Singh, Shekhar Mehta, Datsun zikiruka matope. Sisi huku Tanzania, na hasa sisi wa Unguja, tunasikiliza kama watu waliochungulia harusi ya jirani. Lakini mwaka 1966, na tena 1967, ushindi wa Safari ulikwenda Dar es Salaam, kwa gari la Kifaransa, Peugeot 404. Na aliyeliingiza mashindanoni ni wakala wa magari wa mjini pale, Tanganyika Motors.

Safari ilianza 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Sherehe ya kikoloni hasa, iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 neno la kutawazwa likaondolewa, njia zikabaki. Unguja hatukuwamo, na sababu haihitaji profesa: kuna bahari katikati, na kisiwa kizima kutoka Nungwi mpaka Makunduchi hakifiki kilomita 100, wakati Safari ilikuwa na takriban 5,000. Tena Mji Mkongwe wenyewe gari linaishia Darajani au Forodhani. Vichochoro vyetu vina sheria zao.

Mbio zilifanyika Pasaka, yaani masika yanapoanza kushika. Barabara hazikufungwa. Dereva alikutana na lori, basi, ng'ombe na mwenye ng'ombe, na kila dakika aliyochelewa kufika kituoni iliandikwa kuwa adhabu. Mvua ikinyesha, vumbi linageuka utelezi, na ule udongo mweusi unakamata gurudumu kama ugali. Mwaka 1963 magari saba tu yalimaliza; 1968 vilevile, saba. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff wa Kenya, nao pia ndani ya 404.

Kwa hiyo hebu tulitazame hilo gari. Lilitoka mwaka 1960, umbo lake limechorwa na Pininfarina wa Italia. Injini ya lita 1.6, si kitu cha kutisha. Waliokuja na Ford, au na Mercedes, walikuwa na nguvu zaidi. 404 ilikuwa na springi ndefu, ilikaa juu, bodi yake ilivumilia mashimo, na toleo la kushindania lilitumia injeksheni badala ya kabureta. Ni gari la baba mwenye familia kubwa. Mitaani watu waliliita Pijo, na baadaye likawa teksi ya kubeba abiria wasiohesabika. Safari haikumtafuta mwenye kasi kupita wote. Ilimtafuta asiyeharibikiwa, na hapo Pijo lilikuwa nyumbani.

Bert Shankland alikuwa Mskoti anayeishi Dar es Salaam, akifanya kazi hapohapo Tanganyika Motors. Msaidizi wake garini alikuwa Chris Rothwell. Hapa ndipo ninapoona utamu wa kisa hiki: timu zilizotoka Ulaya zilikuja na mafundi, vipuri na fedha, lakini mpaka 1972, alipotokea Hannu Mikkola wa Finland na Ford Escort, hakuna dereva wa kutoka ng'ambo aliyewahi kushinda. Wenyeji ndio waliojua wapi mto hufurika, na wapi barabara inaonekana nzima kumbe imeliwa chini. Joginder alishinda 1965 na Volvo iliyokwisha tumika. Elimu ya barabara hainunuliwi kiwandani, bwana.

Angalia pia tarehe. Azimio la Arusha lilipitishwa Februari 1967. Pasaka ya mwaka huo iliangukia mwisho wa Machi. Nchi imetoka tu kutangaza ujamaa, mabenki yametaifishwa, na kabla miezi miwili haijaisha, timu ya wafanyabiashara, dereva wake mzungu, inaipa Tanzania ushindi wa pili mfululizo. Kisa cha namna hiyo hakikai vizuri katika hotuba. Nadhani ndiyo maana kimeachwa kwa wapenda magari. Na hata huko, jedwali la matokeo lina nafasi ya dereva na msaidizi wake tu. Waliolala chini ya gari usiku wakifunga nati hawana safu yao.

Baadaye mambo yalibana. Mwaka 1974 mbio zikaitwa Safari Rally na kubaki ndani ya Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, iliendeshwa Naivasha na maeneo ya jirani. Mpaka wa Namanga haukuvukwa.

Riwaya ya Kiswahili kuhusu fundi wa Pijo lile, Pasaka ya 1967, mvua inanyesha na gari bado halijafika kituoni? Mimi ningeinunua kesho asubuhi.