Siku Kumi Kutoka London Hadi Mwanza

Tarehe 28 Februari 1931 ndege ya shirika la Imperial Airways iliruka kutoka Croydon, kusini mwa London, kufungua njia ya kupeleka barua Mwanza kila wiki. Kwa mstari ulionyooka miji hiyo imeachana kilomita 6,750 hivi, na safari ilichukua siku zipatazo kumi. Jibu la haraka ni kwamba ndege za zamani zilikwenda polepole, lakini hesabu inalikataa. Short Calcutta, ndege ya majini iliyofika Ziwa Viktoria, ilikwenda kilomita 150 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo, saa 45 zingetosha. Atakayesema kwamba njia yenyewe haikunyooka atakuwa amesema kweli. Basi tuirefushe hadi kilomita 9,000, na bado tunapata saa 60 tu, yaani siku mbili u nusu. Siku zilizobaki zote ziliishia ardhini.

Ziliishia ardhini kwa sababu usiku watu walilala: ndege hazikuruka gizani katika sehemu kubwa ya njia ile. Matangi ya mafuta yalikuwa madogo, hivyo ilibidi kutua mara kwa mara, na kote huko mafuta yalikuwa yametangulizwa. Aleksandria msafiri aliiacha ndege ya majini, akapanda treni hadi Kairo, akachukua ndege ya nchi kavu hadi Khartoum, kisha akarudi kwenye ndege ya majini. Serikali nazo zilikuwa na sehemu yao, na kwa maoni yangu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kwa kuwa Italia ilibana ruhusa ya kupita katika anga lake, kwa miaka kadhaa abiria wa Imperial Airways walivuka kutoka Paris hadi Brindisi kwa treni, ilhali tiketi zao zilikuwa za ndege.

Kuna pingamizi zito: injini ya jeti. Tarehe 2 Mei 1952 Comet, ndege ya jeti ya shirika la BOAC, iliondoka London, ikafika Johannesburg kwa muda usiotimia saa 24, ingawa ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Mwendo ule ulikuwa wa ajabu na hauwezi kubezwa. Lakini Comet iliruka hata usiku, na kila ilipotua ilikuta njia iliyokwisha kutengenezwa kwa miaka 20. Tena, injini ile ile haisaidii anga likifungwa. Mwaka 1963, baada ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuundwa Addis Ababa, nchi nyingi huru zilizuia ndege za Afrika Kusini kupita juu yao, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. South African Airways ilikuwa tayari na Boeing 707, zenye kasi kuliko Comet ile, lakini ilibidi zizunguke juu ya Atlantiki, nje ya bega la magharibi la Afrika, ili kufika Ulaya. London na Johannesburg zilikuwa pale pale zilipokuwa mwaka 1952, na safari ikarefuka.